Pesa ya Kutafutia Pesa

Hotuba kwa wahitimu wapya na vijana walioko kazini, Nyegezi, Mwanza, Jumamosi asubuhi. Nimeiandika upya kutoka kwenye karatasi zangu, pamoja na maneno niliyoyaongeza papo hapo mvua ilipoanza kupiga bati.

Mwangaluka!

Naona wa Kwimba na Magu mmeitikia kwa nguvu, wengine mnatazamana. Haya, habari za asubuhi. Wazazi wangu mliokaa mbele, shikamooni. Itifaki imezingatiwa, maana nikianza kutaja vyeo hapa saa sita itatukuta bado tunasalimiana.

Nimeombwa nizungumzie kusoma shahada ya uzamili mbali na nyumbani: unaombaje, na pesa unaitoa wapi. Mshereheshaji amenitambulisha kama dada aliyefanikiwa kwenda Ujerumani. Namshukuru. Ila mimi nitaanza na mwaka ambao sikwenda popote.

Mwaka 2016 nilipata barua ya udahili kutoka chuo kimoja cha Uingereza. Barua nzuri, ina nembo, inaanza na pongezi. Baba akaenda kuichapisha steshenari pale Igoma, akaifunga kwenye nailoni, akaenda nayo kanisani. Jumapili ile mbuzi alichinjwa. Mtaani nikapata jina jipya, yule wa Uingereza, na muuza nyanya akaanza kunikopesha bila kuandika. Sasa ile barua ilikuwa na ukurasa wa pili. Baba hakuuchapisha kwa sababu ulikuwa na rangi na steshenari walitaka shilingi 500. Kwenye ukurasa huo ndiko kulikoandikwa ada: pauni 14,500. Kwa mwaka mmoja, bila chumba, bila chakula.

Mbuzi tulimla. Uingereza sikwenda.

Nimekisimulia kisa hiki mara nyingi na watu hucheka kama mlivyocheka, lakini kila mwaka nakutana na kijana wa hapa hapa ambaye mbuzi wake yuko njiani. Udahili ni chuo kukwambia una kichwa cha kutosha, karibu. Ufadhili ni mtu mwingine kabisa kukwambia ada na chakula niachie mimi. Mara chache barua hizi mbili huja katika bahasha moja. Mara nyingi ni bahasha mbili, tarehe mbili, ofisi mbili zisizojuana. Ukipata ya kwanza, mwambie mama yako peke yake.

Lakini hilo mngeweza kuambiwa na mtu yeyote. Mimi nimekuja na daftari.

Mnaliona. Ni daftari la shule la kurasa 48, jalada limetoka. Humu niliandika kila shilingi niliyotumia kuanzia siku niliyoamua kuomba tena hadi siku niliyopanda ndege, Septemba 2019. Nataka tuongee kuhusu daftari hili kuliko kuhusu ada, kwa sababu ya ada niwaambie ukweli: katika ukumbi huu sidhani kama yupo wa kulipa pauni 14,500 kutoka mfukoni. Kwa hiyo ada imalizeni kichwani. Ama atalipa mfadhili, ama hakuna safari. Watu wanakesha wakiiwaza hiyo milioni arobaini au hamsini, na kinachowaangusha ni laki na nusu ya pasi ya kusafiria.

Mama yangu anauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Anayemjua mchuuzi wa dagaa anajua kwamba hesabu zake hazifuati kalenda ya ukutani, zinafuata mwezi wa angani. Giza likiingia wavuvi wanatoka na taa, dagaa wanaufuata mwanga, mzigo unashuka alfajiri. Mbalamwezi ikitanda, taa hazina kazi. Mitumbwi inakaa, watu wanashona nyavu. Sasa mchuuzi anayefika mwaloni siku ya kwanza ya giza bila hela ya karai la kwanza amekwisha. Mzigo upo, bei ni nzuri, yeye anatazama. Ndiyo maana mama wakati wa mbalamwezi alikuwa na kopo ambalo hata ugonjwa ulikuwa haulifungui kirahisi. Aliita hela ile pesa ya kutafutia pesa.

Ufadhili nao una giza lake na mbalamwezi yake. Chevening, ule wa serikali ya Uingereza, dirisha lake hufunguliwa karibu na Agosti na kufungwa Oktoba, na anayepata husafiri Septemba ya mwaka unaofuata. Kozi nyingi za Erasmus Mundus, zile za vyuo vya Ulaya vinavyofundisha kwa pamoja, hupokea maombi kati ya Oktoba na Januari. Kwa DAAD, shirika la Wajerumani la ufadhili wa masomo, kila kozi ina tarehe yake. Maana yake ni kwamba kati ya siku unayobonyeza kitufe cha kutuma na siku unayopanda ndege kuna karibu mwaka mzima. Na kabla ya kubonyeza kuna miezi mingine ya kukusanya makaratasi. Sisi huku habari zinatufikia Desemba kwenye kundi la WhatsApp, zimesambazwa mara nyingi, na mwisho wa maombi ni kesho saa sita.

Tukiwa hapo kwenye saa, nisimame kidogo. Rafiki yangu mmoja, mtu makini kabisa, alisoma kwamba maombi yanafungwa "12 noon". Akili yake ya Kiswahili ikamwambia saa 12, basi jioni. Akaenda kwanza kazini, akala, akafungua kompyuta saa 11. Dirisha lilikuwa limefungwa. Saa sita mchana kwa saa ya Greenwich ni saa 9 alasiri hapa Mwanza. Na wale wanaofunga saa sita kasoro dakika moja usiku kwa saa hiyo, kwetu ni saa 9 kasoro dakika moja, majogoo yanakaribia. Andika saa zote mbili ukutani. Halafu tuma siku tatu kabla, maana umeme wa Mwanza nao una ratiba zake.

Turudi kwenye daftari. Mwaka 2018 nilikuwa mkaguzi wa ubora kwenye kiwanda cha minofu ya sangara. Mshahara shilingi 450,000. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, hiyo ni 67,500. Mfuko wa hifadhi ya jamii unakata asilimia 10, kodi nayo inapita. Mkononi inabaki laki tatu na kidogo. Wanaocheka ni wale ambao makato yao bado hayajaanza. Bumu mlilokula, ile hela ya mkopo wa chuo, linawasubiri hapo nje. Na msidhani ukisafiri kwenda masomoni deni linafutika. Wasiliana na Bodi kabla hujaondoka, mwekane sawa.

Ukurasa wa kwanza: pasi ya kusafiria, 150,000. Kabla ya pasi kuna kitambulisho cha taifa na cheti cha kuzaliwa, na cheti changu cha kuzaliwa kilikuwa na herufi moja tofauti na vyeti vya shule. Herufi moja, ndugu zangu. Kilichofuata ni kiapo kwa wakili, muhuri, foleni. Kama jina lako liko kwa namna mbili kwenye karatasi zako, Jumatatu ijayo anza kulirekebisha. Usingoje udahili, kwa sababu ofisa wa visa hamjui bibi yako aliyekuita Kabula na padri aliyeandika Kabhula.

Ukurasa wa pili: transkripti, ile orodha ya alama zako za chuo. Chuo nilichosoma kilinizungusha wiki tano. Leo karani yuko semina, kesho muhuri umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo amesafiri. Bodaboda peke yake zilinigharimu zaidi ya transkripti yenyewe. Nyie mliohitimu mwaka huu, chukueni nakala kadhaa zilizogongwa muhuri sasa hivi, mkiwa bado mnafahamiana na walinzi wa getini.

Ukurasa wa tatu una doa la chai, na unalistahili. Mtihani wa Kiingereza. Nililazimika kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100 kwa basi, kulala kwa binamu, kufanya mtihani, kurudi. Ada ya mtihani na safari vilikula karibu nusu ya daftari zima. Na matokeo ya mtihani ule yanahesabika kwa miaka miwili tu, kwa hiyo mwenye kuufanya mapema mno anaweza kuulipia mara mbili. Sasa sikilizeni kitu kilichoniuma. Kozi niliyokuja kuipata Ujerumani ilikuwa inapokea barua ya chuo inayothibitisha kwamba nilisomeshwa shahada ya kwanza kwa Kiingereza. Barua ya ukurasa mmoja, bure. Sikuuliza. Niliona kila mtu anafanya mtihani nikafanya. Kabla ya kulipia mtihani wowote, waandikie chuo swali la mistari miwili, wanajibu. Vyuo vingi vya Marekani vinatoza ada ya maombi, dola 50, dola 90, lakini ukiandika kwa adabu kueleza hali yako, baadhi wanakusamehe. Hakuna atakayekupigia simu kukuambia hivyo. Lazima uombe.

Daftari lote, hadi mguu wangu unapanda ngazi ya ndege, lilifika shilingi 1,340,000. Piga hesabu kwa ile laki tatu na kidogo. Zaidi ya miezi minne ya mshahara wote, bila kula, bila kulipa chumba. Na hapo ada sikulipa hata senti, na tiketi ya ndege alilipa mfadhili. Hiyo yote ilikuwa pesa ya kutafutia pesa.

Niliipataje? Sehemu niliweka kidogo kidogo kwa miezi 14. Shilingi laki sita nilikopa kwenye kikoba cha shangazi, kwa riba yao ya kawaida, shangazi akiwa mdhamini wangu. Michango ya harambee nilikataa, na baba hakufurahi. Sababu yangu ilikuwa ile barua ya 2016. Mkopo wa kikoba unajua mwisho wake. Mchango wa ukoo na usharika hauna mwisho. Utaulipa kwa harusi, kwa misiba na kwa simu za usiku mpaka uzeeke. Wapo watakaoniona mchoyo. Sawa.

Sasa maombi yenyewe.

Mwaka 2017, jaribio la pili, nilianguka kwa sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa barua ya mapendekezo. Nilimwendea mtu mwenye cheo kikubwa kuliko wote niliowafahamu. Nikamwandikia: "Shikamoo mwalimu, nakukumbusha ile barua." Akajibu: "Marahaba, nimeiona." Wiki ikapita, nikamkumbusha, akajibu: "Nimeiona." Kuiona kweli aliiona. Dirisha lilifungwa barua ikiwa bado inaonwa. Kosa lilikuwa langu kama lilivyokuwa lake, maana hakunijua. Nilikuwa sura ya safu ya nane kwenye darasa la watu mia tatu. Mara ya tatu nilimwendea mhadhiri kijana aliyenisimamia utafiti na meneja wangu wa kiwandani. Kila mmoja nikampa karatasi moja: naomba kozi gani, nilifanya nini nikiwa chini yako, tarehe ya mwisho lini. Nilitaja tarehe iliyo wiki mbili kabla ya ile ya kweli. Mungu anisamehe.

Sababu ya pili ilikuwa insha yangu. Ilianza hivi: "Tangu nikiwa mtoto mdogo nimekuwa na ndoto ya kusoma ili kuisaidia jamii yangu." Nyoosheni mikono, wangapi wana sentensi hiyo kwenye simu zao? … Naona. Futeni. Msomaji wa maombi ana mafaili mamia mezani, na yote yana mtoto mdogo mwenye ndoto.

Mara ya tatu niliandika kuhusu asubuhi moja ya Aprili pale Mwaloni. Mvua ilikuwa imenyesha tangu usiku. Mama alikuwa ameanika karai tatu za dagaa juu ya mchanga, wakalowa, jua likagoma siku mbili. Siku ya tatu dagaa walikuwa laini, rangi ya kijivu, wananuka uvundo ule ambao ukiingia kwenye kitenge hautoki kwa sabuni moja. Akaja mnunuzi wa chakula cha kuku, akachota kwa mkono mmoja, akanusa, akataja bei ambayo haikutosha hata gharama ya bajaji. Mama akakubali, maana kesho yake wangekuwa taka. Niliandika hayo, kisha nikaandika kwamba nataka kusoma namna ya kukausha samaki wadogo pasipo jua la uhakika, kwamba kozi yao ina somo hilo, na kwamba nikirudi nitaanzia kwenye mwalo ule. Basi. Waliniita kwenye usaili, na nusu ya usaili waliuliza kuhusu vichanja, yaani kuanika juu badala ya chini. Niliongea kama niko nyumbani, kwa sababu nilikuwa nyumbani.

Tuna kasumba huku kwamba mambo makubwa ya kusomea yako kwao. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, walikuja kukaa hapa Ghuba ya Mwanza kuchunguza furu. Furu! Wale samaki wadogo tunaowalaumu kwa miiba. Walikuta ziwa lina mamia ya aina zao, kisha katika miaka ya 1980 wakashuhudia sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950, akiongezeka na aina nyingi za furu zikipotea mbele ya macho yao. Dunia nzima ya wanabiolojia ikaujua mkono huu wa ziwa. Watu walivuka bahari kulifuata swali lililoko nyuma ya nyumba yenu. Wewe muuguzi wa Bugando, wewe mwalimu wa Ukerewe unayevuka kwa meli na mitihani ya Fomu Four kwenye begi, mna vitu vya kuandika ambavyo mtoto wa London hana. Mnaviacha, mnaandika ndoto.

Nipite haraka kwenye nchi, maana karatasi za maswali naona zimejaa.

Mtu akikwambia Ujerumani elimu ni bure, mwulize anamaanisha nini. Vyuo vingi vya umma kweli havitozi ada, ingawa jimbo la Baden-Württemberg limekuwa likitoza wasiotoka Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Lakini asiye na ufadhili huonyesha pesa ya kuishi kabla ya visa. Tangu Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, unaziweka kwenye akaunti maalumu iliyofungwa, halafu wanakuachia 992 kila mwezi. Ni pesa yako, unaila mwenyewe, lakini sharti iwepo yote siku moja. Mwenye barua ya ufadhili wa kutosha hahitaji akaunti hiyo.

Uingereza, anayejilipia lazima pesa ikae benki siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango. Wapo wanaokopa pesa ya kuonyesha kwa mtu, siku ya 20 mwenye pesa anafiwa, anaitoa, na ombi linakufa pamoja na marehemu. Juu ya visa kuna tozo ya afya, pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi, na kipimo cha kifua kikuu. Wanandoa nao wajue: tangu Januari 2024 mwanafunzi wa uzamili wa darasani anayejilipia haruhusiwi kwenda na mwenza wala watoto. Ni vyema mkalizungumza hilo chumbani kabla ya kujaza fomu. Chevening wanataka uzoefu wa kazi wa saa 2,800, ambayo ni kama miaka miwili, na ukimaliza unarudi nyumbani kwa miaka miwili. Kwa hiyo ukiwa umehitimu mwezi uliopita, huo si wa mwaka huu. Tafuta kazi, hata ya kujitolea, na utunze barua zake.

Marekani inawachanganya wengi. Uzamili wa kule mara nyingi unajilipia. Uzamivu, ile PhD, vyuo vingi vinakulipia: unasamehewa ada, unapewa posho, nawe unafundisha au unafanya utafiti. Na unaweza kuomba uzamivu ukiwa na shahada ya kwanza tu. Mwenye GPA, ule wastani wa alama za chuo, ya 4.4 kati ya 5 na kuendelea kwenye sayansi, anayeng'ang'ania masta ya kulipia huko, aulize upya.

Na jamani, mbali na nyumbani si lazima iwe na theluji. Ng'ambo ya ziwa hili kuna Makerere, ilianzishwa 1922. Arusha kuna Taasisi ya Nelson Mandela, Morogoro kuna Sokoine. Umoja wa Afrika una Chuo Kikuu cha Afrika chenye taasisi zake Kenya, Nigeria, Kamerun na Algeria, na ufadhili wake unabeba ada na posho. Waombaji wetu ni wachache kwa sababu hakuna wa kupiga picha uwanja wa ndege wa Tlemcen, kule Algeria. Ukirudi na shahada ya nje, popote, ipeleke TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu, itambuliwe kabla mwajiri hajakuuliza. Watumishi wa umma, ruhusa ya masomo iombeni kwa mwajiri mapema na kwa maandishi. Na yeyote anayekudai "ada ya kushughulikia skolashipu" ni mwizi, hata kama mnasali naye. Chevening na Fulbright, ule wa serikali ya Marekani, kuomba ni bure.

Nimebakiza kitu kimoja ambacho hakuna aliyeniambia.

Nilitua Ujerumani na euro 380. Nilidhani nimemaliza, ufadhili si umeshatoka? Mfadhili wangu alilipa kwenye akaunti ya benki ya kule kule. Kufungua akaunti nilitakiwa kwanza kuandikishwa makazi. Kuandikishwa makazi nilitakiwa kuwa na chumba. Na chumba kilitaka dhamana, euro 300. Mnaona mzunguko huo? Posho ya kwanza iliingia siku ya 23. Ofisi ya mabweni nilikwenda nikawaeleza, wakanikubalia dhamana nilipe mara mbili. Kumbe utaratibu huo ulikuwepo siku zote, kwa anayeuliza. Siku hizo 23 nilikula mchele, mayai, na kilo mbili za dagaa ambazo mama alizisokota kwenye kitenge katikati ya begi nikimwambia sitaki. Siku ya kwanza kuwakaanga, jirani yangu aligonga mlango kwa upole akauliza kama kuna kitu kimekufa. Wiki ya pili alikuwa anakuja na sahani.

Kwa hiyo ukipata barua ya ufadhili, siku hiyo hiyo mwandikie mfadhili maswali mawili: pesa ya kwanza inaingia lini, na inaingia kwenye akaunti ipi? Jibu lake ndilo litakalokwambia ubebe kiasi gani.

Halafu jiandae na simu. Posho ikiingia, nyumbani wanaizidisha kwa shilingi na kuona utajiri. Hawaoni bima wala kodi ya chumba. Mimi nilimwandikia baba mapato na matumizi ya mwezi mmoja, yote, mpaka tiketi ya treni. Alikaa kimya siku mbili. Kisha akaniuliza kama nahitaji nitumiwe chochote.

Mengine niulizeni. Daftari nitaliacha pale mezani karibu na mlango, mnaweza kulipiga picha, msiondoke nalo. Mtaona ukurasa wa mwisho umechanwa. Ulikuwa wa deni la kikoba, na nilipomaliza kulipa shangazi aliuchana mwenyewe, akaukunja, akautia kwenye kanga. Alisema ni risiti.